Mashine ya presha, ya kuvaa kama saa au ya kufunga mkono wa juu?

Shikamoo mzee wangu, kwenye hizo mashine mbili ulizouliza, ya elfu 45 ya kuvaa kama saa na ya elfu 80 ya kufunga mkono wa juu, mi ningechukua ya elfu 80, hizo za kama saa zinachezacheza sana, ukishusha mkono chini ya moyo kidogo tu namba inapanda.

Ila kabla hujalipa chukua futi ya fundi cherehani uzungushe mkono, katikati ya bega na kiwiko, mkanda wa kawaida wa hiyo mashine huwa wa mkono wenye mzunguko wa sm 22 mpaka 32. Mi nilimnunulia bi mkubwa bila kupima, ana mkono mnene, basi ule mkanda kila ukianza kujaa upepo unabanduka wenyewe kraaa, tukiubana kwa nguvu inasoma presha ya kutisha, hakulala siku mbili 😅

Kwenye maoni ya wanunuzi huko mtandaoni, nyota tano usizihesabu sana, kasome waliotoa moja na mbili, halafu angalia picha walizopiga wanunuzi wenyewe. Maandishi madogo yapanue kwa vidole viwili au piga skrinshoti za mashine zote mbili mtumie mjukuu. Bei ujumlishe na hela ya boda. Na muulize muuzaji, mkanda usiponitosha unabadilisha? Akianza kuzungukazunguka au anataka umrushie hela kwanza kwenye namba yake binafsi, achana naye.