Vidonge vya mimea na saratani ya mapafu: kipimo cha mkojo kinamwambia nini mvutaji?

SWALI: Habari Daktari. Nimevuta sigara zaidi ya miaka 20 na bado sijafanikiwa kuacha. Nimeuziwa vidonge vya machipukizi ya brokoli. Muuzaji anasema vimefanyiwa utafiti, kwamba watu waliovitumia walipimwa mkojo na ikaonekana sumu za moshi zinatoka kwa wingi. Je, hilo linatosha kuthibitisha kwamba vinazuia saratani? Na je, nivitumie huku nikijitahidi kuacha?

JIBU: Ndugu yangu, utafiti wa namna hiyo upo kweli. Huko Qidong, China, watu wapatao 300 walipewa kinywaji kila siku kwa wiki 12. Cha baadhi yao kilitiwa machipukizi ya brokoli, cha wengine hakikutiwa, na kura ndiyo iliyoamua nani apate kipi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2014. Waliokunywa chenye brokoli walitoa kwenye mkojo mabaki ya benzini kwa asilimia 61 zaidi. Benzini ni sumu inayosababisha saratani, nayo imo kwenye hewa chafu na kwenye moshi wa sigara. Brokoli ina kemikali iitwayo sulforafeni, ambayo huamsha vimeng'enya vya mwili vinavyoifunga sumu ili itoke.

Lakini angalia kilichopimwa. Lengo la utafiti ule lilikuwa uchafuzi wa hewa, si sigara. Tena wiki 12 haziwezi kuonyesha nani atapata saratani na nani hatapata, kwa sababu ugonjwa huu hujengeka kwa miaka mingi. Mabaki kwenye mkojo ni kiashiria tu. Kinamsaidia mtafiti kujua kama dawa inafanya kazi yoyote mwilini na kama inafaa kupelekwa kwenye jaribio kubwa. Saratani yenyewe bado haijapimwa hapo.

Jaribio kubwa lina ukubwa gani? Finland, kuanzia mwaka 1985, walichukuliwa wanaume wavutaji 29,133 wenye umri wa miaka 50 hadi 69. Kwa kura, wengine walipewa beta-karotini, ile rangi ya karoti, miligramu 20 kwa siku; wengine vitamini E; wengine zote mbili; na wengine kidonge kisicho na dawa. Walifuatiliwa kati ya miaka mitano na minane. Katika umati wote huo waliopata saratani ya mapafu ni 876. Ndiyo maana watu mia mbili au mia tatu kwa miezi michache hawawezi kutoa jibu unalolitaka.

Kila mtu alitarajia habari njema, kwa kuwa tafiti za awali zilionyesha kwamba wanaokula mboga na matunda kwa wingi hupata saratani hii kwa nadra. Matokeo ya mwaka 1994 yalikuwa kinyume: waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Marekani nako, jaribio la watu 18,314, wengi wao wavutaji au walioacha, na wengine waliofanya kazi kwenye vumbi la asbesto (madini yenye nyuzi yanayosababisha saratani ya mapafu), lilisimamishwa Januari 1996 kabla ya wakati wake. Waliopewa beta-karotini pamoja na vitamini A walikuwa na saratani ya mapafu kwa asilimia 28 zaidi, na vifo kwa asilimia 17 zaidi.

Jambo linalonigusa kila ninaposoma takwimu za Finland ni hili: kati ya wale wasiopewa dawa, waliokuwa tayari na beta-karotini nyingi kutokana na chakula walipata saratani kidogo kuliko wenzao. Kiini kilekile kilipomezwa kwa dozi kubwa, kikaleta madhara. Maelezo yenye nguvu ni kwamba ndani ya pafu lililojaa moshi, beta-karotini nyingi huvunjwa na kuwa vipande vinavyodhuru chembe hai. Kwa hiyo kidonge kinachomfaa asiyevuta kinaweza kumdhuru mvutaji, na neno "asilia" kwenye kopo halibadilishi hilo.

Sisemi brokoli itafanya kama beta-karotini. Ni kemikali tofauti, inayofanya kazi kwa njia tofauti. Kula brokoli bila wasiwasi. Vidonge vyake siwezi kukuandikia kama kinga, maana ushahidi wa kwamba vinapunguza saratani kwa wavutaji haujapatikana. Zaidi nahofia vikupe moyo wa kuahirisha kuacha. Aliyeacha kwa miaka 10 hubaki na takriban nusu ya hatari ya saratani ya mapafu aliyonayo anayeendelea kuvuta, na hakuna kidonge cha mmea kilichowahi kukaribia hapo. Kushindwa mara kadhaa ni kawaida, kwa sababu nikotini inashika sana. Mwombe daktari wako plasta au bablishi za nikotini, au dawa ya vareniklini, pamoja na mtu wa kukushauri mara kwa mara. Ukitumia dawa na ushauri kwa pamoja, nafasi ya kufaulu huwa kubwa zaidi. Muulize pia kama umri wako na kiasi ulichovuta vinakustahilisha kupigwa CT scan ya mionzi midogo ya kifua, yaani picha ya ndani ya mapafu ya kutafuta saratani mapema.

Na leo hii, geuza makopo yote ya vitamini uliyo nayo usome maandishi ya nyuma. Ukikuta beta-karotini ya miligramu 20 au zaidi, acha kuitumia, hata kama kopo limeandikwa kuwa ni la karoti tupu.