Kwa mnaoanza maabara: vizio na nyuzi joto

Wadogo zangu mnaoanza masomo ya maabara, fomula ya kubadili Farenhaiti kuwa Selsiasi mtaishika kabla chai haijapoa: toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9. Hapo hapana ugumu. Ugumu uko kwenye kujua namba uliyonayo ni ya kitu gani, na kuiandika hivyo tangu mstari wa kwanza hadi jibu. Madaftari ninayoyajaza wino mwekundu kila muhula mara nyingi ni ya vijana wanaojua hesabu vizuri kabisa. Wanaandika "25" kavu, kizio wanasema watakiweka mwishoni, na wakifika mwishoni wanabahatisha.

Wanaodhani hilo ni suala la maksi tu huwa nawapa kisa cha ndege ya Air Canada, Boeing 767, iliyotoka Montreal kwenda Edmonton kupitia Ottawa tarehe 23 Julai 1983. Kanada ilikuwa inahamia metriki, na ndege ile mpya ilihesabu mafuta kwa kilo. Geji za mafuta zilikuwa mbovu siku hiyo, kwa hiyo matangi yakapimwa kwa kijiti, na ikaonekana yamebaki na lita 7,682. Safari ilitaka kilo 22,300. Wahusika wakazidisha 7,682 kwa 1.77 wakapata 13,597. Wakaitoa kwenye 22,300, ikabaki 8,703. Wakaigawanya kwa 1.77, zikatoka lita 4,917, zikatiwa.

Rudieni hesabu hiyo kwa kikokotoo: iko sahihi mwanzo hadi mwisho. Ila ile 1.77 ni ratli (pauni, chini kidogo ya nusu kilo) kwa lita. Ya kilo ni 0.803 hivi. Kwenye matangi kulikuwa na kilo 6,169 tu, na zilitakiwa kuongezwa lita elfu 20 na ushei. Injini zote mbili zikazima angani. Marubani wakaiteremsha ndege bila injini hadi Gimli, kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la anga, na hakuna abiria aliyekufa. Sasa iandikeni upya hesabu ile, safari hii vizio vikiwemo: lita 7,682 × ratli 1.77 kwa lita. Lita inakatana na lita, inabaki ratli. Karatasi yenyewe ingewaambia kwamba hizo si kilo, hata aliyeishika asingejua chochote kuhusu uzito wa mafuta ya ndege.

Utaratibu huo huo unaokoa kwenye ujazo, mahali ambapo wengi huanguka mwaka wa kwanza. Mita ina sentimita 100, lakini mita moja ya ujazo ina sentimita za ujazo 1,000,000, kwa sababu ile 100 inazidishwa kwa yenyewe: 100 × 100 × 100. Ukigawanya kwa 100 tu, umekosea mara elfu kumi.

Nyuzi joto zina mtego wake. Maji huganda kwenye 0 ya Selsiasi na 32 ya Farenhaiti, na huchemka kwenye 100 na 212. Maana yake ni kwamba mizani hizi mbili zinatofautiana mahali pa kuanzia na pia ukubwa wa uzi mmoja: nafasi 100 za Selsiasi zinalingana na nafasi 180 za Farenhaiti. Kwa hiyo, ukiambiwa maji yamepanda kutoka 20 hadi 30 za Selsiasi, ongezeko hilo la nyuzi 10 ni nyuzi 18 za Farenhaiti. Ile 32 haiingii hapo. Anayeitia fomula nzima ya kwenda Farenhaiti (zidisha kwa 9, gawanya kwa 5, jumlisha 32) anapata 50, ambayo ni hali ya hewa ya asubuhi ya baridi kule Njombe, wala si ongezeko la kitu chochote.

Kwenye gesi, kila kitu kiende Kelvini kwanza: Selsiasi jumlisha 273.15. Gesi iliyotoka 20 hadi 40 za Selsiasi haijaongezeka maradufu. Imetoka Kelvini 293 hadi 313, na kama kanieneo (mgandamizo) haijabadilika, ujazo umeongezeka kwa asilimia 7 hivi. (Kelvini haiandikwi na alama ya nyuzi. Wasahihishaji wengine hukata maksi kwa hilo, na sioni kama wanaonea mtu.)

Ile njia ya mkato ya kuzidisha Selsiasi kwa 2 na kujumlisha 30 ili kupata Farenhaiti inafaa kwa mazungumzo ya hali ya hewa: 25 inakupa 80, na jibu halisi ni 77. Msiipeleke kwenye otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke. Nyuzi 121 ingewapa 272, ilhali sahihi ni 250 kasoro kidogo. Nasema hivi kwa sababu mtakutana na vifaa vya msaada kutoka Marekani vinavyosoma Farenhaiti. Jokofu la chanjo likionyesha 40, usikimbilie kuhamisha chupa: ni 4.4 za Selsiasi, katikati ya 2 na 8 zinazotakiwa.

Mnaosomea nyanda za juu, msikitupe kipimajoto kwa kuwa maji yamechemka kabla ya 100. Nairobi, kwenye kimo cha karibu mita 1,800, huchemka kwenye 94 hivi, kwa kuwa kanieneo ya hewa ni ndogo. Andikeni mlichokisoma, na kimo cha mahali pembeni yake.

Jambo la mwisho ni mwandiko. Alama ya mikro (µ) ikichorwa haraka husomeka kama m, na mikrogramu 50 ikigeuka miligramu 50 imezidi mara 1,000. Kwenye lebo za chupa, iandikeni "mikrogramu" kwa herufi zote.