Jibu: "Mwaka wa masomo" kwenye fomu ya basari

Ndugu, umeuliza kama pale penye "mwaka wa masomo" uandike "wa pili" au "2024/2025". Andika 2024/2025. Hilo ni jina la kipindi ambacho chuo kizima kinasoma, na kwa kuwa vyuo vikuu vyetu vingi hapa Kenya huanza Agosti au Septemba, kipindi hicho hukanyaga miaka miwili ya kalenda. Ndiyo maana ya ule mkwaju (/). "Wa pili" ni ngazi uliyofika wewe. Fomu iliyoandikwa vizuri huiuliza kando, "mwaka wako wa masomo" au "uko mwaka wa ngapi". (Neno lenyewe linachanganya, kosa si lako.)

Ukiandika 2025 peke yake, karani hatajua kama ni mwaka unaoisha au unaoanza, na karo inayolipwa inaweza kuwa ya mihula isiyo yako. Linganisha na karatasi ya karo ya chuo, kisha nakili vilevile.

Ndugu yako wa sekondari yeye ataandika 2025 tu: shule huanza Januari na kufunga karibu na Novemba, mihula mitatu. Ila rekodi za 2021 na 2022 zisikushangaze. Baada ya korona, mwaka wa 2021 ulianza Julai na wa 2022 ukaanza Aprili. Kalenda ilirudi Januari mwaka 2023.

Na usiandike "msimu wa masomo". Shule ina muhula. Msimu ni wa mvua na maembe.