Kumuuguza mzazi nyumbani Uingereza: maswali yenu

*Viwango vyote hapa ni vya mwaka wa malipo ulioanza Aprili 2025. Hubadilika kila Aprili.*

Assalamu alaykum. Niko Leicester na mama yangu, miaka 74, amepata kiharusi. Namwogesha, namvalisha, usiku namgeuza. Mchana nafanya usafi saa 16 kwa wiki. Niliomba Carer's Allowance, nikakataliwa. Nimekosea wapi?

Waalaykum salaam dada, na pole kwa kuuguza. Hukutaja mama analipwa nini, na hapo ndipo maombi mengi hukwama. Carer's Allowance, pauni 83.30 kwa wiki, humfikia anayeuguza kupitia kwa mgonjwa: ni lazima mgonjwa mwenyewe awe ameshakubaliwa posho ya kuhitaji matunzo. Kwa mtu wa umri wa pensheni kama mama, posho hiyo ni Attendance Allowance. Basi anza na yake.

Piga simu kitengo cha Attendance Allowance uombe fomu. Ukiirudisha ndani ya wiki 6, malipo yatahesabiwa tangu siku uliyopiga. Ukiipakua mtandaoni, yanahesabiwa tangu siku inapowafikia, kwa hiyo simu ni bora. Kipato na akiba ya mama haviulizwi. Anayehitaji msaada mchana au usiku hupata pauni 73.90 kwa wiki. Anayeuhitaji mchana na usiku hupata 110.40. Uhitaji uwe umedumu miezi 6, isipokuwa kwa mgonjwa ambaye madaktari wanaona hana muda mrefu wa kuishi.

Fomu hii huharibiwa na adabu zetu. Mzazi akiulizwa hali husema "alhamdulillahi, najiweza", na mtoto huona haya kuandika kwamba mama hafiki chooni. Andika. Unaamka mara ngapi usiku, kila mara dakika ngapi, na nini hutokea akiachwa peke yake? "Namsaidia kuoga" haitoshi; sema unambeba kutoka wapi hadi wapi, na ni mkono upi usiofanya kazi.

Barua ya kukubaliwa ikifika, omba Carer's Allowance ndani ya miezi 3, ili ihesabiwe tangu mama alipoanza kulipwa. Saa zako za kuuguza zifike 35 kwa wiki. Kupika chakula chake na kumpeleka hospitali vinahesabiwa. Usiwe unasoma saa 21 au zaidi kwa wiki.

Halafu uchunge mshahara. Kikomo ni pauni 196 kwa wiki baada ya kodi, bima ya taifa na nusu ya mchango wako wa pensheni. Kwa kima cha chini cha mshahara, pauni 12.21 kwa saa, saa 16 ni pauni 195.36: umebaki chini ya kikomo kwa senti tu. Ukiongeza nusu saa unafika 201.47, na wiki hiyo unapoteza posho yote, si ile tofauti peke yake. Ukipita kikomo kwa pauni 5 kila wiki, kwa wiki 30, bila kutoa taarifa, unaweza kudaiwa pauni 2,499. Bosi akikuomba zamu ya ziada, piga hesabu kwanza, na mabadiliko yoyote ya mshahara yapeleke mara moja kwa kitengo cha Carer's Allowance.

Mimi na kaka yangu tunapokezana kwa baba, anayeishi peke yake Reading na anapokea Pension Credit, nyongeza ya wazee wenye kipato kidogo. Nani kati yetu aombe?

Kwa mgonjwa mmoja hulipwa mtu mmoja tu. Mwingine, akiuguza angalau saa 20 kwa wiki, aombe Carer's Credit: haina fedha mkononi, ila inaziba pengo la michango yake ya pensheni.

Lakini msijaze chochote kabla ya kusoma barua ya Pension Credit ya baba. Mzee anayeishi peke yake na kupokea Attendance Allowance mara nyingi huwa ameongezewa pauni 82.90 kwa wiki kwa ulemavu mkubwa. Mmoja wenu akianza kulipwa Carer's Allowance kwa ajili yake, nyongeza hiyo hukatwa. Nyinyi mnapata 83.30, baba anapoteza 82.90, na familia nzima imeongeza senti 40. Tumeona ndugu wakilaumiana kwa jambo hili. Mwulizeni baba, kisha mpelekeeni mshauri wa Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, hesabu zote mbili kabla ya kuamua.

Viza yangu inasema siruhusiwi fedha za umma. Namuuguza shangazi hapa Uingereza. Sina haki yoyote?

Usiombe Carer's Allowance. Ni fedha za umma, na kuiomba kunaweza kukuharibia viza. Shangazi, ikiwa hadhi yake ya ukaaji inamruhusu, anaweza kuomba posho yake mwenyewe.

Wewe unaweza kuiomba kaunsili ikufanyie tathmini ya mahitaji yako kama muuguzaji. Sheria ya matunzo ya mwaka 2014 inailazimu, na huduma hiyo haimo katika orodha ya fedha za umma. Kazini, tangu Aprili 2024, una haki ya wiki moja ya likizo ya kuuguza kila miezi 12, bila mshahara, tangu siku yako ya kwanza. Unaweza kuichukua kwa nusu siku. Kwa siku moja toa taarifa siku 3 kabla. Kwa siku nyingi, mara mbili ya siku unazotaka. Mwajiri anaweza kuisogeza mbele hadi mwezi mmoja kazi ikibana, lakini hawezi kukunyima wala kukudai barua ya daktari.