"Hanging by a thread": je, kuti kavu linafaa kila mahali?

Swali: Natafsiri habari kutoka Kiingereza. Nimekutana na "the coach's job is hanging by a thread", kisha "his life is hanging by a thread", ya majeruhi wa ajali. Je, kote niandike "kukalia kuti kavu"?

Jibu: Kwa kocha, ndiyo, tena usihangaike na uzi ("thread") wa Kiingereza. Msomaji wa kurasa za michezo akiona "kocha akalia kuti kavu" anajua kuwa vipigo vikiendelea, atatimuliwa. Ila angalia kiima. Kiingereza huning'iniza kitu: kazi, uhai, mazungumzo ya amani. Kuti kavu hukaliwa na mtu. Basi usiandike "kazi ya kocha imekalia kuti kavu". Mtangulize kocha mwenyewe. Ukitaka kuitaja kazi, sema "kibarua chake kiko mashakani". Na tafadhali usiandike "kimeota nyasi", maana hapo umeshamfukuza na klabu haijamfukuza. Hilo si kosa la lugha tu, ni habari ya uongo.

Majeruhi ni suala jingine. Kuti kavu limezoeleka kwa vyeo na madaraka, na mara nyingi hubeba lawama: wahenga walisema kuti kavu kuanguka si ajabu. Jamaa zake watakaosoma hawastahili maneno hayo. Andika "yu mahututi" au "yuko kati ya kufa na kupona".

Kuna mahali uzi wenyewe lazima ubaki. Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, mwaka 45 KK alisimulia jinsi Dionysius, mtawala wa mji wa Syracuse, alivyomkalisha Damocles, aliyekuwa akimsifia kwa raha zake, kwenye karamu ya kifahari, juu ya kichwa chake ukining'inia upanga kwa unywele mmoja wa farasi. Tarehe 25 Septemba 1961, Rais Kennedy wa Marekani aliirejea picha hiyo katika Umoja wa Mataifa akizungumzia silaha za nyuklia, akautaja upanga na uzi mwembamba unaoushikilia. Ukiweka kuti kavu katika hotuba hiyo, umeuondoa upanga ambao ndio hoja yake. Tafsiri uzi kama ulivyo.

Usichanganye pia na "hang in the balance". Hiyo ni mizani, inaweza kulalia upande wowote; "hatima yake bado haijajulikana" inatosha. Penye uzi, hatari ya kukatika ndiyo inayosemwa.