Vitufe vya kuziba mishipa ya uvimbe wa ini: je, daktari anaviona?

Dada wa Tukuyu, pole kwa kuuguza. Mama kapewa rufaa kwenda Dar kuzibwa mishipa inayolisha uvimbe wa ini, nawe unahofia vile vitufe, yaani vipunje vidogo vinavyoingizwa kuziba mishipa hiyo, vitapotelea mwilini bila kuonekana. Hofu yako ina msingi. Vitufe vya kawaida vya polima (kitu cha jamii ya plastiki) havionekani kwenye eksirei. Daktari huvichanganya na dawa yenye aiodini, inayoonekana kwenye eksirei, akaifuata dawa hiyo kwenye skrini. Ikishasombwa na damu, vitufe havionekani tena. Ndiyo maana vipo vingine ambavyo aiodini imefungwa ndani ya polima yenyewe. Vitufe hivyo huonekana hata kwenye CT-Scan ya baadaye, na daktari anajua vimefika wapi.

Uliza watatumia vitufe vya aina gani, ila usikatae tiba kwa kukosa hivyo vipya. Mikono yenye uzoefu ndiyo muhimu zaidi.

Waambie mapema kama mama ana mzio, figo mbovu au anatumia metformin, dawa ya kisukari. Nilipomuuguza shangazi baada ya tiba kama hii, homa ndogo, maumivu na kichefuchefu vilimsumbua siku kadhaa, hayo hutokea. Macho yakiwa ya njano, akichanganyikiwa au homa ikipanda sana, mkimbize hospitali. Na msipande basi la Mbeya kabla daktari hajaruhusu, safari ni zaidi ya kilomita 800.