Ngozi ilikuwa inawasha, kumbe ni ini

Ilianza na nyayo. Usiku nikishalala tu nyayo zinawasha, viganja navyo, najikuna mpaka natoka damu, nawasha taa naangalia, hakuna kipele hata kimoja. Nikasema hii aleji, nikabadilisha sabuni, nikabadilisha mashuka, nikanunua vidonge vya aleji nikameza siku nne, wapi. Halafu mkojo ukawa wa kahawia kama chai, nikadhani ni kiu, nikanywa maji kutwa nzima rangi iko palepale. Haja kubwa nayo ikapauka kama udongo. Dada yangu ndo alinivuta dirishani akanifunua jicho, akasema kaka, haya macho ya manjano, twende hospitali sasa hivi.

Daktari akaniuliza natumia dawa gani, nikamjibu situmii dawa yoyote. Na sikuwa namdanganya, kwangu mimi dawa ni ile umeandikiwa na daktari. Akauliza upya: miezi miwili hii umemeza nini, hata cha kununua mwenyewe, hata mitishamba? Hapo nikakumbuka. Nilikuwa na mafua yaliyoshuka usoni, nikajinunulia antibayotiki, ile yenye amoksisilini na asidi ya klavulaniki pamoja, nikameza siku saba nikapona nikasahau. Kuwashwa kulianza kama wiki tatu baada ya kumaliza!

Damu ilionyesha bilirubini, ile rangi ya manjano inayotolewa na ini kupitia nyongo, iko juu, ultrasaundi ikaonyesha hakuna mawe kwenye nyongo wala mirija mikubwa ya nyongo haijaziba. Alinieleza hivi: ini linatengeneza nyongo, nyongo inapita kwenye mirija midogo sana kwenda utumbo, sasa dawa ikiiumiza ile mirija nyongo inakwama na vitu vyake vinarudi kwenye damu, ndo maana unawashwa bila upele, mkojo unakolea, na haja kubwa inakosa rangi kwa sababu rangi yake inatoka kwenye nyongo. Na hiyo antibayotiki inajulikana kabisa kwa jambo hili, inaweza kukupiga hata wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Kwangu ilichukua zaidi ya miezi miwili kuisha. Kuna wachache sana ambao mirija inapotea na hairudi, hata ibuprofeni, ile dawa ya maumivu, imewahi kufanya hivyo ingawa ni nadra.

Jioni ile nyumbani nilimwaga mezani kila pakiti niliyokuwa nayo nikaanza kusoma maandishi madogo, na hapa ndo niliogopa kuliko hospitali. Vidonge vya mafua, kila kimoja kina miligramu 500 za parasetamoli, nilikuwa nameza viwili mara tatu kwa siku. Juu yake vya kichwa, parasetamoli hiyohiyo kwa jina jingine, viwili asubuhi viwili usiku. Hesabu vidonge kumi, gramu 5. Mtu mzima mwisho ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vinane vya 500, na kama unakunywa pombe sana au umekonda au huli vizuri uliza kwanza maana kwako hata hiyo inaweza kuwa nyingi. Ubaya wa parasetamoli ukizidisha, siku ya kwanza unaweza usisikie kitu kabisa huku ini linaharibika. Usisubiri dalili jamani, nenda hospitali muda huohuo hata kama unajisikia mzima, kuna dawa ya kuizuia inaitwa asetilisisteini na inafanya kazi vizuri zaidi ukiwahi ndani ya saa 8 tangu umeze.

Kwa hiyo usiangalie jina kubwa la mbele, geuza boksi usome kilichomo, na kikijirudia kwenye maboksi mawili acha moja. Ukiwashwa bila upele angalia mkojo wako na macho kabla ya kwenda kununua kidonge kingine.

Mimi sasa kila dawa ninayonunua naipiga picha kwenye simu, na tarehe inakaa hapo. Ile antibayotiki nimekatazwa maisha yangu yote, kwa sababu ikirudi mara ya pili inaweza kuja vibaya zaidi, basi picha ya boksi lake nimeiweka mwanzo kabisa, nikienda hata kwa daktari wa meno naionyesha kabla hajaniuliza.